NAMTAFUTA BABA YAKE BIBI

Najua nimepotea hapa karibu miezi miwili, na wengine mlishaanza kusema jamaa kadisko. Hapana, bado nipo nipo. Nilikuwa nyumbani Kasulu, halafu Kibondo, halafu nikarudi chuo na kukutana na majaribio matatu ndani ya wiki moja. Leo nimepata nafasi. Mwenzangu wa chumbani kalala, mie niko macho na daftari langu, na kuna jambo limenikaa kifuani nataka kulitoa.

Leo sina habari za bumu wala foleni ya kafeteria. Nataka niwasimulie habari za mtu ambaye sijawahi kumuona. Hata bibi yangu, ambaye ni binti yake wa kumzaa, anachokumbuka ni mgongo wake tu. Anasema alikuwa anapanda lori, amevaa shati jeupe, na hakugeuka nyuma. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anang'oa meno ya utotoni. Mama yake alikuwa na mimba. Lori likaondoka na vumbi lake, na huo ukawa mwisho.

Mtu huyo ni baba yake bibi. Jina lake sitaliandika hapa, bibi hajaniruhusu. Alikwenda Tanga kukata mkonge. Alikuwa manamba.

Sasa nyie mliosoma historia mnajua neno hilo. Form two tuliandika "manamba ni vibarua waliochukuliwa mbali kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi", tukapata vema yetu, tukafunga daftari. Mimi mwenyewe niliandika hivyo hivyo, tena nikiwa Kasulu, na bibi yuko nyumbani anachambua maharage. Sikuwahi kumuuliza kitu. Kwangu manamba walikuwa watu wa kwenye kitabu.

KILICHONIAMSHA

Mambo mawili yaliniamsha. La kwanza halikuwa zuri. Nilikuwa nafuatilia karatasi zangu za utambulisho kwenye ofisi moja, siitaji. Mhudumu akaangalia fomu, akaona Kigoma, akaanza. Baba yako kazaliwa wapi? Nikajibu. Babu yako? Nikajibu. Bibi yako? Nikajibu. Baba yake bibi yako? Hapo nikakaa kimya. Akaniangalia kwa jicho lile ambalo kila Muha analijua. Kwamba wewe huenda ni wa ng'ambo ya mpaka.

Nilirudi hosteli nikawauliza wenzangu. Wa Moshi hakuulizwa. Wa Iringa hakuulizwa. Sisi wa mwisho wa reli ndio tunaoulizwa hadi kaburi la nne. Na swali lenyewe si la bure, lina uzito. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa ndani ya nchi akawa raia siku hiyo hiyo ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa ndani ya nchi. Bibi alizaliwa kabla ya uhuru. Kwa hiyo mahali walipozaliwa wazazi wake ni jambo linaloshuka kwa bibi, kwa baba yangu, hadi kwangu mimi ninayekula ubwabwa wa kafeteria. Mama yake bibi tunamjua na kaburi lake tunalijua. Upande wa baba ndiyo pengo. Kwa wenzangu huyu mzee ni historia. Kwetu ni kitambulisho.

Jambo la pili lilitokea hapa hapa chumbani. Mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja ni mtu wa Korogwe, anasoma ualimu kama mimi. Siku moja namtania kuhusu Kisambaa chake, akasema, "Kwanza mie nina damu ya Kiha. Baba yake babu alikuja na manamba kutoka huko kwenu, Kibondo." Nikacheka. Akasema nyumbani kwao ipo karatasi. Nikaacha kucheka.

KWA NINI WAHA

Kabla sijaendelea, tuulizane. Kwa nini watu wa Kasulu na Kibondo waende kukata mkonge Tanga, upande wa pili kabisa wa nchi? Si mkonge wenyewe ungeweza kukatwa na watu wa Tanga?

Mkonge uliletwa na Wajerumani. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikapita Hamburg, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000. Lakini mkonge una miiba, jua la kule ni kali, na mshahara ulikuwa mdogo. Wenyeji wa karibu walikuwa na mashamba yao na njia nyingine za kupata pesa. Hawakuwa na shida ya kujitoboa mikono.

Ndipo ikaja hesabu ya mkoloni. Ziko sehemu za kulima mazao ya biashara, na ziko sehemu za kutoa watu. Buha ikawekwa kwenye kundi la pili. Kuna kitabu cha miaka ya 1980 kuhusu vibarua wa mkonge, kimeandikwa na Walter Rodney pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago, na sehemu ya Sago inahusu Kigoma moja kwa moja. Anaieleza Kigoma kama bwawa la nguvukazi. Nilikisoma kwenye kimbweta mchana mmoja nikasahau hadi chakula. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha Buha haikuwepo. Ukitaka fedha, panda lori. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli hiyo hiyo tunayoiimba ndiyo iliyochukua watu.

Vita vya pili vya dunia vikaongeza moto. Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java, nchi washirika zikakosa kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa dhahabu. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kutafuta vibarua, kikaitwa SILABU. Wazee wa kwetu wanalitaja jina hilo mpaka leo, ila wanalitaja kama jina la mtu. Bibi anasema, "Baba alichukuliwa na Silabu." Utotoni alidhani Silabu ni Mzungu mmoja mwenye lori.

Ukishasajiliwa unapewa namba, na ndiyo asili ya neno manamba. Unaweka dole gumba kwenye mkataba. Ukifika shambani unapewa kadi ya siku 30 za kazi, kila siku unayomaliza inawekewa alama, na kadi ikijaa ndipo unalipwa. Siku uliyoumwa haihesabiwi. Na safari haikuwa ya mchezo, maana reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa mwaka 1963 tu. Kabla ya hapo treni ya kati haikukufikisha Korogwe, ilibidi umalizie kwa barabara.

NYARAKA ZILISEMAJE

Basi bwana, nikaomba barua ya utambulisho chuoni, nikaenda Upanga, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Mara ya kwanza kuingia mahali kama pale. Kimya, mafaili, harufu ya karatasi kuukuu. Wahudumu walinisaidia vizuri, walinionyesha hadi namna ya kufunua kurasa bila kuzichana.

Nilikwenda nikidhani nitakuta daftari lina majina, nitapitisha kidole mpaka nimfikie. Wapi! Nilichokuta kwenye mafaili niliyosoma ni idadi. Mwaka huu wilaya imetoa watu kadhaa. Waliokataliwa na daktari kadhaa. Waliotoroka kadhaa. Afisa wa wilaya anamwandikia mkuu wake kwamba vijana ni wachache mwaka huu kwa sababu mavuno yamekuwa mazuri. Yaani mavuno mazuri ni tatizo! Nilisoma sentensi ile mara mbili.

Majina yaliyopo ni ya Mabwana Shauri, ya wamisionari, na ya Mwami na watu wake. Wengine wote ni tarakimu. Nikakumbuka ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita. Walikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa wakitumikia Uingereza kwenye vita vya kwanza hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi, ndugu zangu, wale ambao jina lao limebaki Kariakoo. Hivyo baba yake bibi hakuwa wa kwanza kugeuzwa hesabu.

Nilitoka pale na kitu kimoja cha maana, nacho kilitokana na maelezo ya malale. Miaka ya 1930 Waingereza walihamisha watu wa Buha, hasa upande wa Kibondo, kutoka kwenye mapori yenye mbung'o na kuwakusanya kwenye makazi mapya ili kuzuia ugonjwa wa malale. Halafu mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa tena kuingia vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo jina la kijiji unaloliona kwenye karatasi ya zamani linaweza kuwa la mahali ambapo leo pana tembo na nyani. Watu wamehama mara mbili, makaburi hayakuhama.

KARATASI YA KOROGWE

Mwenzangu alimwomba mama yake aipige picha ile karatasi. Ikaja kwenye simu. Ni karatasi ya mkataba, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Ina mwaka, 1955. Ina namba. Ina alama ya dole gumba. Ina jina ambalo linafanana na la baba yake bibi, ila penye R pameandikwa L, na mwisho wa jina umekatwa. Na penye wilaya pameandikwa Kibondo.

Sisi ni watu wa Kasulu. Nikasema basi, si yeye.

Nilipokwenda likizo nikampelekea bibi picha. Bibi haoni vizuri, nikamsomea. Nilipofika penye Kibondo nikamwambia, "Bibi, hapa ndipo panapokataa." Akacheka. "Mume wangu, umesoma mpaka chuo kikuu na hujui kitu. Sisi tulizaliwa Kibondo. Kasulu nimeletwa na ndoa. Kwani kaka yangu yuko wapi?"

Kaka yake yuko Kibondo! Miaka yote namwita Babu wa Kibondo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini yuko Kibondo. Jamani. Nimetoka Dar, nimeingia kwenye mafaili ya mkoloni, na jibu lilikuwa jikoni kwa bibi pembeni ya chungu cha maharage. Nawaambia ukweli nilijisikia mjinga.

SASA VINASABA

Mwenzangu ndiye aliyeleta wazo. Akasema, "Kaka, siku hizi si kuna vinasaba? Tupime mimi na wewe, tumalize ubishi." Nikafurahi. Kisha nikaenda kusoma, na kusoma kukanipunguzia furaha.

Sikilizeni, maana hii hata kwenye kufundisha itatusaidia. Kama yule mzee wa Korogwe ndiye baba yake bibi, basi bibi na babu yake mwenzangu ni ndugu wa baba mmoja, mama tofauti. Ndugu wa namna hiyo wanachangia kama robo ya vinasaba, na kipimo kinaona vizuri. Lakini mimi na mwenzangu tumeshuka ngazi mbili. Kwetu kinachobaki ni wastani wa asilimia moja na nusu hivi. Kwa hiyo vijana kupimwa kutatoa jibu dhaifu zaidi. Wanaotakiwa kupimwa ni wazee.

Iko njia nyingine. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, karibu bila kubadilika. Mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote. Njia hizi mbili ndizo zilizosaidia kusoma historia ya pwani yetu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa pwani ya Waswahili, Kilwa na Mtwapa wakiwemo. Kwa wengi wao upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika, na upande wa baba mara nyingi ulitoka Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Wazee wa Kilwa walikuwa wanasema habari za Washirazi tangu zamani, na wasomi wengi wakaziita hadithi tu.

Kwetu sisi, mimi sina Y ya mzee huyo, maana nimempata kupitia bibi, na bibi ni mwanamke. Mwenye Y yake ni Babu wa Kibondo, yule aliyekuwa tumboni lori lilipoondoka. Na kwa upande wa pili ni babu yake mwenzangu, Korogwe. Wazee wawili, mmoja kila upande wa nchi. Mate yao tu.

Na nchi hii haijaribiwi hovyo. Ipo sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, na msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi pale kama unakwenda kupima malaria. Maombi hupitia kwa mfano mahakamani, ustawi wa jamii au kwa wakili. Kutuma mate Ulaya au Marekani kunahitaji kibali. Na hata ukituma, hifadhi za kule zimejaa vinasaba vya Wazungu. Kwenye mradi mkubwa wa kimataifa wa Jenomu 1000, Afrika Mashariki iliwakilishwa na Waluhya wa Webuye, Kenya. Muha ukipima, utaambiwa wewe ni jirani wa mtu wa Webuye. Asante sana.

Halafu kuna hili, na nataka yule mhudumu wa ile ofisi alisome siku moja. Vinasaba havijui mpaka. Burundi, Rwanda na sisi tulikuwa koloni moja la Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaiteka Kigoma, wakakaa mpaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Mstari ulichorwa na watu waliokuwa wamekaa mezani. Muha na Mrundi wanaelewana lugha, wameoana tangu enzi za Mwami. Hakuna kipimo kitakachochukua mate yangu na kusema huyu ni wa upande huu wa mto na yule ni wa upande ule. Hicho kinasemwa na karatasi. Karatasi nayo haiwezi kusema nani ni damu ya nani.

MZEE WA KILIMANJARO

Nilipokuwa karibu kukata tamaa nikakumbuka habari ya Mangi Meli. Mnaijua? Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake 18. Familia inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikitafuta kwa miongo mingi.

Huko Berlin kulikuwa na maelfu ya mafuvu yaliyokusanywa na Felix von Luschan na wenzake. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia iliyapokea mwaka 2011, na baadaye ikachunguza zaidi ya mafuvu 1,100 ya kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Zaidi ya 200 yalikuwa ya kwetu Tanzania. Mwaka 2018 wazee wa Kilimanjaro walitoa mate, Mzee Isaria akiwemo. Septemba 2023 majibu yakatangazwa. Fuvu moja lililingana kabisa na ukoo unaoishi, nalo ni la Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Mengine mawili yalielekea ukoo wa Molelia, kwa upande wa baba.

Na fuvu la Mangi Meli? Halikupatikana. Mjukuu alitoa mate, akangoja, akaambiwa hapana.

Nilijiuliza, kwa nini Akida alipatikana? Kwanza, fuvu lake lilikuwa limeandikwa neno Akida. Pili, Uchagani kulikuwa na watu waliojua Akida alikuwa nani na watoto wake ni akina nani. Tatu, ndipo mate yakathibitisha. Kati ya mafuvu zaidi ya 200 ya Tanzania, yaliyopimwa ni machache sana, kwa sababu mengi hayana maandishi ya kutosha ya kumjua wa kumuuliza. Maabara yenyewe haimtafuti mtu. Inangoja uiletee watu wawili na kusema, nadhani hawa ni ndugu.

Bibi angeiweka hivi: ni mafiga matatu. Nyaraka figa moja, vinasaba figa moja, kumbukumbu za wazee figa moja. Toa moja, chungu kinamwagika. Na kati ya hayo matatu, karatasi inaweza kungoja miaka mia kwenye boksi Upanga. Mfupa ulingoja miaka 123 Berlin. Figa lisilongoja ni bibi.

BABU WA KIBONDO ANAKATAA

Nilipanda gari kwenda Kibondo. Nikamsalimia Babu kwa kupiga makofi kama tunavyosalimiana, nikakaa, tukala ugali wa muhogo na migebuka, ndipo nikaeleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mtu ambaye hakuniona akiwa hai, mate yangu yamtafute akiwa amekufa?"

Sikuwa na jibu.

Akaendelea. Alisema mama yao aliambiwa maneno mengi kijijini. Kwamba mumewe kamkimbia. Kwamba kafia shambani. Kwamba kapata mwanamke wa pwani. Alilea watoto wawili peke yake na hakuolewa tena, maana mkataba ulisema watu watarudishwa, na yeye alikuwa anangoja arudishwe. Alingoja mpaka akafa. "Sasa wewe unataka kuniletea cheti kwamba alikuwa mzima anakula samaki Korogwe?" Halafu kwa sauti ya chini akaongeza, "Na hao watu wa Tanga wakishajua ni ndugu, shamba hili litakuwa la nani?"

Sikumlaumu. Kwenye vitabu tunaandika "athari za kazi za manamba: familia zilitengana". Nukta moja. Mwalimu anatoa alama mbili. Pale mbele yangu alikuwa amekaa mzee wa miaka sabini, hasira zake bado mbichi.

Mate hayakupatikana. Nikarudi Kasulu.

SIMU

Jioni moja nikampigia mwenzangu, akaweka babu yake kwenye simu, nami nikaweka sauti ya juu bibi asikie. Salamu zilikuwa ndefu. Yule mzee wa Korogwe ana Kiswahili kitamu cha Kitanga, bibi ana Kiswahili chake cha kupigana nacho. Bibi akamuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani.

Mzee akasema alikuwa mkimya. Habari za kwao hakuzungumza, ukimuuliza anaondoka. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 alikuwa bado kambini, baadaye akapata kipande cha ardhi kijijini, akafa huko huko. Kaburi lipo, limepandiwa mti. Kisha akasema, "Dada yangu wa kwanza alimpa jina la kwenu. Watu hapa hawakuweza hata kulitamka." Akalitaja.

Ni jina la bibi.

Sasa mimi mwanafunzi wa historia natakiwa kusema hiyo si hakika. Jina lile ni la kawaida Buha, wako wengi. Huenda lilikuwa la mama yake, au la shangazi. Najua. Nililiandika kwenye daftari na alama ya kuuliza pembeni.

Bibi alinyamaza muda mrefu hadi mzee akadhani simu imekatika. Baada ya kuagana nikategemea atalia au atafurahi. Akasema, "Kwa hiyo alinikumbuka. Na jina langu akampa mwingine." Akanyanyuka akaenda kufungia kuku.

Asubuhi yake akaniuliza nauli ya Korogwe ni shilingi ngapi. Nikamwambia kuhusu kipimo, kwamba hata yeye anaweza kupimwa, haihitaji Babu wa Kibondo kukubali, robo ingeonekana. Akasema mambo ya mate tutayaongea baadaye. Kwanza anataka kuona ule mti.

Kwa hiyo mpango ndio huo. Baada ya mitihani, bumu likitoka, mimi na mwenzangu tutampeleka. Yule mhudumu wa ofisini sijamrudia bado. Nikimrudia nitakuwa na nakala ya karatasi yenye dole gumba, mwaka 1955, wilaya ya Kibondo, Tanganyika. Haimalizi kila kitu, lakini safari hii sitakaa kimya.

Nyie je? Wangapi hapa mnajua baba yake bibi yenu alizaliwa wapi? Usiseme unajua jina la ukoo, hilo hata mimi nilikuwa nalo. Muulize bibi yako alizaliwa kijiji gani kabla ya kuolewa. Muulize walihama mara ngapi na nani aliwahamisha. Muulize nani aliondoka asirudi. Uliza wakati anachambua maharage, usimkalishe na daftari kama mahakamani. Halafu andika, na tarehe uweke.

Saa nane usiku hii. Mwenzangu anakoroma, huenda ni ndugu yangu huyu, huenda si ndugu. Kesho kanidai zamu ya kufagia.

Tuko pamoja.